Duka Lililojengwa Katikati ya Barabara: Natembea Lake Street, Minneapolis

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Leo sina gari jipya la kuwaonyesha, wala siendi dukani. Leo natembea kwa miguu hapa Lake Street, barabara ya jiji la Minneapolis, Marekani, na nimevaa soksi pea mbili kwa sababu baridi ya huku haina utani. Mkiona picha inatetemeka, si kamera, ni mimi.

Kuna dada mmoja aliniuliza: kaka, mbona ukipita barabara kubwa naona chini maduka, juu watu wanaishi, lakini ukikata kona kuingia mtaa wa nyuma ni nyumba na majani tu, hata kiduka kimoja hakuna? Nani anapanga hivyo? Dada yangu, swali lako limenitoa ndani na baridi yote hii.

Tuanze na barabara yenyewe. Inatoka upande wa ziwa la Bde Maka Ska kule magharibi, inanyooka mashariki mpaka mto Mississippi. Zamani tramu, zile treni za umeme za mjini, zilikuwa zinapita hapa. Mtu anashuka jioni, anataka kununua mahitaji kabla hajafika nyumbani, basi mfanyabiashara naye akajenga duka palepale kona ya kituo. Juu ya duka akaweka vyumba vya kupangisha. Tramu ya mwisho hapa mjini ilipita mwaka 1954, reli zikang'olewa. Lakini angalieni, ngoja nigeuze kamera: maduka yamejikusanya kona ile, halafu kimya, halafu yanajikusanya tena kule mbele. Hapo mnaangalia vituo vya tramu ambayo wengi wanaopita hapa hawajawahi kuiona.

Sasa nimefika Nicollet, na hapa ndipo nilipotaka tusimame.

Nicollet ni barabara kubwa inayotoka katikati ya jiji kwenda kusini. Miaka ya 1970 jiji lilikuwa na hofu, wateja walikuwa wanakimbilia vitongojini ambako kuna maduka makubwa na maegesho ya kumwaga. Viongozi wakaona na wao walete duka kubwa hapa. Wakaikaribisha Kmart, kampuni ya maduka makubwa. Tatizo, eneo halikutosha. Mnajua walifanyaje? Walifunga barabara. Jengo likakaa juu ya Nicollet yenyewe! Yaani unaendesha kutoka mjini, barabara imenyooka, ghafla mbele yako ukuta. Mabasi ya Nicollet yakawa yanazunguka mitaa ya pembeni, miaka yote hiyo, ili kulikwepa duka moja.

Nilipohamia huku nilidhani nimesoma ramani vibaya.

Na walioamua hivyo hawakuwa wajinga. Wakati ule, gari ndiyo ilikuwa kila kitu. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kufanya uamuzi ambao ukishakosea hauwezi kuurudisha. Duka likifanya vibaya unaweza kulifunga wiki ijayo. Barabara ukishaizika chini ya jengo, na mwenye duka ana mkataba wa kupanga hapo, utafanya nini? Mkataba wa Kmart ungeweza kwenda mpaka 2053. Jiji likahangaika miaka na miaka, mwishowe mwaka 2020 likalipa dola milioni 9.1 ili mkataba uvunjwe. Mwaka huohuo, baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, ghasia zilichoma majengo mengi kwenye barabara hii na jirani yake, zikiwemo posta mbili. Lile jengo tupu likageuzwa posta ya muda. Mwishoni mwa 2023 ndipo likabomolewa. Mpango ni kuirudisha Nicollet ipite, na pembeni yake nyumba na biashara.

Dada yangu, sijakusahau. Nani anapanga?

Ni halmashauri ya jiji, kwa kutumia mpango kabambe, yaani ramani inayosema nini kijengwe wapi. Miji yote ya eneo hili inatakiwa kuupitia mpango wake kila miaka 10. Huu wa sasa unaitwa Minneapolis 2040, ulipitishwa Desemba 2018 kwa kura 12 dhidi ya moja. Kabla ya hapo, karibu asilimia 70 ya ardhi ya makazi ilikuwa imefungwa kwa nyumba ya familia moja tu. Ndiyo majani uliyoyaona. Ukijenga nyumba ya familia mbili au tatu kwenye kiwanja hicho, ulikuwa umevunja sheria. Mpango mpya ukaruhusu mpaka makazi matatu kwenye kiwanja.

Halafu kila eneo likapewa kimo cha majengo yake. Mitaa ya ndani, ghorofa mbili na nusu hivi. Kandokando ya barabara zenye mabasi wameruhusu tatu, nne, mpaka sita. Vituo vikubwa vya usafiri, zaidi. Kwa hiyo anayeishi nyuma anabaki na utulivu wake, na barabara kubwa inabeba watu na biashara. Kuna waliokwenda mahakamani kuupinga kwa hoja za mazingira, kesi ikausimamisha kwa muda, mpaka bunge la jimbo lilipobadilisha sheria mwaka 2024. Hiyo kesi ni video nyingine, tuache.

Mkitazama majengo mapya mtagundua yanafanana kama mapacha. Chini zege, juu yake ghorofa tano za mbao. Ndiyo, mbao! Kanuni za ujenzi zinaruhusu mbao kufika hapo, na ni rahisi kuliko zege tupu, basi kila mjenzi anaishia hapohapo. Mimi binafsi sizipendi sura zake, lakini nimewahi kutafuta chumba cha kupanga kwenye jiji hili, kwa hiyo nanyamaza.

Kitu kingine, tangu 2021 mjenzi halazimishwi tena kuweka idadi fulani ya maegesho. Zamani mtu akitaka kufungua duka dogo, anaambiwa tafuta nafasi ya magari kadhaa. Kiwanja chenyewe ni kidogo, magari yatakaa wapi? Basi biashara inafia kwenye karatasi.

Lakini sasa njooni hapa. Jengo jipya, chini fremu kubwa, vioo safi, ndani tupu. Kibao kinasema inapangishwa. Nimelipita jengo hili mara nyingi, kibao ni kilekile. Vukeni barabara muone lile la matofali la zamani: fremu finyu nne, fundi nguo, simu, kinyozi, mtu anatuma pesa. Zote zimejaa. Jengo la zamani mkopo wake ulishalipwa, kodi inavumilika. La jipya, mwenyewe bado anadaiwa na benki. Ramani inaweza kuamuru chini kuwe na biashara na kuwe na vioo, ila haiwezi kumlipia fundi nguo kodi. Nikiwa mimi ndiye napanga, ningeamuru fremu zikatwe ndogondogo kabla ya kuuliza vimo. Fundi hahitaji ukumbi.

Haya, basi la B hilo linakuja. Lilianza 2025, vituo vichache, linakwenda haraka, sehemu nyingine lina njia yake kama mwendokasi. Vidole sivisikii tena. Napanda.