Mlango Uleule, Nyumba Mpya

Ndugu zangu, wanafunzi na mafundi mliofika, hoja yangu ni kwamba mfumo mpya wa kompyuta usizivunje programu za zamani; niruhusuni nianzie relini. Reli ya zamani, iliyofika Kampala mwaka 1931, ina upana wa mita moja. SGR, reli mpya ya Kenya, ni milimita 1,435. Mzigo wetu uliopanda SGR Mombasa hushushwa Naivasha ukapakiwa upya kwenye reli ya zamani ndipo uje Malaba, mpakani mwa Uganda. Reli mpya ni nzuri, lakini behewa la jana haliijui.

Mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta kama Windows, ina kesi hiyohiyo. Jaribuni leo kuunda folda iitwayo CON kwenye Windows: itakataa. Mwaka 1981, DOS ya kwanza, mfumo uliotangulia Windows, haikuwa na folda kabisa. CON lilikuwa jina la kibodi na skrini, likatengwa lisipewe faili lolote. Folda zilikuja 1983, lakini programu zilikwisha kulizoea jina hilo, likabaki limetengwa katika kila folda. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunalibeba. Huo ni mzigo, sikatai.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 2001 Intel ilitoa Itanium, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya biti 64, yaani inayoshika data kwa mafungu makubwa kuliko zile za biti 32, iliyobuniwa upya tangu msingi. Programu za zamani zilienda juu yake kwa kujikokota. Mwaka 2003 AMD, mshindani wake, ikaleta prosesa ya Opteron: biti 64 zilizoongezwa juu ya muundo wa zamani, na programu za biti 32 zikakimbia kwa kasi yake yote. Wanunuzi wakaifuata AMD, na mwaka uliofuata Intel yenyewe ikaiga njia hiyo. Uvumbuzi haukufa pale. Ulipita mlango ambao watu walikuwa na ufunguo wake.

Apple huchagua njia nyingine: ikibadilisha prosesa hukupa mkalimani, yaani programu inayozitafsiri programu za zamani, kwa miaka kadhaa, kisha humwondoa. Mkalimani wa 2006, aliyeitwa Rosetta, aliondolewa 2011, na mwaka 2019 programu zote za biti 32 zikafungiwa nje. Kwa anayenunua kompyuta mpya mara kwa mara, sawa. Kwetu mimi naona ni ukatili.

Ninayoipenda ni kanuni ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux: programu ya mtumiaji isivunjwe. Ndani ya kiini, yaani moyo wa mfumo, watunzaji hubomoa na kujenga wapendavyo. Draiva zilizomo, programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa, hurekebishwa pamoja nacho. Mlango tu, pale programu zinapoomba huduma za kiini, ndio hauguswi.

Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, namfahamu mzee mmoja mwenye mashine ya kukatia stika. Chuma chake kizima, kisu chake kikali. Draiva yake iliishia Windows XP, na masasisho ya usalama ya XP yalikoma 2014. Basi ana kompyuta ya pili yenye XP, haiunganishwi intaneti kamwe, na kila kazi ya mteja huifikisha pale kwa flashi. Kompyuta hiyo ikifa, itabidi atupe mashine nzima.