Paa Kabla ya Nguzo: Mkimbiaji na Drafti ya NFL

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Nimeambiwa nina nusu saa kabla ya chai, na kwamba nikizidisha, akina mama wa jikoni watakuja kunitoa wenyewe. Basi niingie moja kwa moja.

Tuko Texas, na hapa Texas mtu akikuuliza unashabikia nani, haulizii Arsenal. Miaka yangu miwili ya kwanza niliutazama mchezo wa huku, futiboli ya Kimarekani ya ligi yao ya NFL, kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua. Wanagongana, wanasimama, wananong'ona, wanagongana tena. Aliyenifungua macho ni yule anayewekewa mpira mkononi na kuambiwa apasue. Wenyewe wanamwita raningibeki. Mimi leo nitamwita mkimbiaji, maana ndiyo kazi yake. Mtu anakimbia, watu wanamkimbiza: hilo hata bibi yangu angelielewa bila kufundishwa. Kwa hiyo nampenda mkimbiaji, mlijue hilo tangu mwanzo, kwa sababu nitakayoyasema hayatampendeza.

Swali ni hili: je, inafaa timu kumchukua mkimbiaji mapema kwenye drafti?

Kwa asiyefuatilia, nieleze kwa kifupi. Kwetu Simba na Yanga wakimgombania mchezaji, mwenye pesa ndiye anayeondoka naye. Huku sivyo. Vijana wanaotoka vyuoni wanagawanywa kwa zamu. Timu ni 32, raundi ni 7, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayechagua kwanza. Ukichaguliwa, umechaguliwa; huna pa kukata rufaa. Kijana wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, na timu ina haki ya kuongeza wa tano.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Tangu makubaliano ya wachezaji na ligi ya mwaka 2011, mshahara wa kijana huyo unapangwa na zamu aliyochukuliwa. Haupangwi na nafasi anayocheza uwanjani. Mwaka 2025 Las Vegas Raiders walimchukua Ashton Jeanty, mkimbiaji wa chuo cha Boise State, zamu ya 6. Mkataba wake ni kama dola milioni 36 kwa miaka minne. Kama zamu hiyo hiyo wangemchukua mrushaji, yaani kwotabeki, wangelipa zile zile milioni 36.

Haya, nendeni sokoni kwa watu wazima mlinganishe. Dak Prescott, mrushaji wetu hapa wa Dallas Cowboys, analipwa dola milioni 60 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa, Ja'Marr Chase wa Cincinnati alisaini mwaka 2025 kwa zaidi ya milioni 40 kwa mwaka. Mkimbiaji aliyevunja rekodi ya malipo ya nafasi yake mwaka huo huo, Saquon Barkley, alipata milioni 20 na kidogo. Umeona? Ukipata mrushaji mzuri kwa bei ya kijana, kila mwaka unaokoa milioni 50 na ushee, unazitumia kununulia watu wengine. Ukipata mkimbiaji mzuri kwa bei hiyo hiyo, unaokoa kumi na kitu. Na ligi ina ukomo wa mishahara, dola milioni 279.2 kwa kila timu mwaka 2025, kwa hiyo kila milioni unayookoa ina kazi ya kufanya.

Hoja hiyo ya bei ndiyo wanayoisema wachambuzi wote, na ni ya kweli. Lakini mimi haikunitosha. Bei inakwambia tu kwamba soko linamdharau mkimbiaji. Haikwambii kama soko lina akili. Nilichokitaka mimi ni kujua mbio zile ni za nani.

Hapa tuongee habari za nyumbani, za Dallas. Kati ya 2011 na 2014 Cowboys walifanya jambo ambalo halikumpa mtu usingizi wa furaha: mara tatu, katika raundi ya kwanza, walichukua watu wa mstari wa mbele, wale mabonge wanaosukuma njia ifunguke. Tyron Smith zamu ya 9 mwaka 2011, Travis Frederick ya 31 mwaka 2013, Zack Martin ya 16 mwaka 2014. Hakuna mtoto anayenunuliwa jezi ya watu hao. Msimu wa 2014 DeMarco Murray, mkimbiaji wa raundi ya 3, alikimbia nyuma yao yadi 1,845 akaongoza ligi nzima. Philadelphia wakaona hayo, wakamwaga pesa, wakamchukua. Mwaka 2015 Murray kule Philadelphia alipata yadi 702.

Na Dallas waliobaki bila yeye? Wakampa mpira Darren McFadden, ambaye Raiders walimchukua zamu ya 4 mwaka 2008 na kwa miaka saba wakapata naye msimu mmoja tu wa zaidi ya yadi 1,000. McFadden, goti na vifundo vikiwa vimeshachoka, alikimbia yadi 1,089. Mwaka uliofuata, 2016, Dallas wakatumia zamu ya 4 kumchukua Ezekiel Elliott. Yadi 1,631, namba moja kwenye ligi akiwa mgeni kabisa, na timu ikashinda mechi 13 ikafungwa 3.

Wakimbiaji watatu, miaka mitatu, mstari ule ule. Mniambie sasa: yadi za Elliott zilikuwa ngapi, na za Zack Martin ngapi?

(Sauti kutoka nyuma: "Emmitt Smith!")

Nilijua litakuja hilo. Hapa huwezi kusema neno juu ya mkimbiaji bila Emmitt kutajwa. Ndiyo, ana yadi 18,355, hakuna aliyewahi kumfikia. Alichukuliwa mwaka 1990, zamu ya 17, na mrushaji Troy Aikman alikuwa ameshachukuliwa mwaka mmoja kabla. Zamu ya 17 si ya 4, ndugu yangu. Na baada ya hapo akajengewa mstari wa watu ambao ukuta wa msikiti ungewaonea wivu. Sikuongopei, nimekubali, tuendelee.

Maana kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewadanganya. Saquon Barkley huyo huyo. New York Giants walimchukua zamu ya 2 mwaka 2018. Msimu wa kwanza alikusanya yadi 2,028 kwa kukimbia na kudaka, akapewa tuzo ya mgeni bora wa ushambuliaji. Timu ikashinda mechi 5, ikafungwa 11. Mwaka 2019 wakashinda 4. Mwaka 2020, mechi ya pili ya msimu kule Chicago, kano ya goti ikakatika. Katika miaka sita na yeye, Giants walipata msimu mmoja tu mzuri, wa 2022. Mwaka 2023 walimzuia kwa haki nyingine ya timu, ya kumbakiza mchezaji mwaka mmoja zaidi, akakimbia yadi 962, wakamwacha aende.

Alikwenda Philadelphia, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mbele yake akakuta Lane Johnson, na yule Jordan Mailata, Mwaustralia aliyekuwa mcheza raga, hakuwahi kucheza mchezo huu hata mechi moja kabla ya kuchukuliwa raundi ya 7. Miguu ya Barkley ilikuwa ile ile, tena imezeeka mwaka mmoja, na ina kovu. Yadi 2,005! Kisha Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 28, akabeba kombe la Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22.

Mtu atasema, basi ni mstari tu, weka yeyote nyuma yake. Hapana. Mwaka mmoja kabla, nyuma ya mstari huo wa Philadelphia, alikimbia D'Andre Swift, mkimbiaji mzuri tu, akapata yadi 1,049. Barkley karibu aizidishe mara mbili. Kwa hiyo mtu ana uzito wake, na mkimbiaji wa kipekee hafanani na wa kawaida hata kidogo. Ila uzito huo unaonekana pale tu ambapo njia imefunguliwa. Ni kama kumpeleka namba tisa hatari kwenye timu isiyo na viungo wala mawinga. Atasimama pale mbele dakika tisini akipunga mikono.

Sasa unganisheni haya mawili, ndiko ninakotaka kufika. Zamu za mwanzo wanapewa nani? Timu mbovu. Timu mbovu kwa kawaida haina mstari, haina mrushaji, iko nyuma kwa mabao mawili kabla ya mapumziko, na timu iliyo nyuma inalazimika kurusha mpira, si kukimbia nao. Yaani utaratibu wenyewe wa drafti unampeleka mkimbiaji bora wa mwaka nyumbani kwa watu ambao hawana pa kumtumia. Na nafasi hii inachakaza mwili kuliko zote: anagongwa mara ishirini kila Jumapili na watu wenye kilo 130. Mpokeaji unaweza kumsubirisha miaka mitatu timu ijengeke. Miguu ya mkimbiaji haisubiri. Ukimaliza kusimamisha nguzo, paa limeshaota kutu.

Trent Richardson, Cleveland, zamu ya 3, mwaka 2012: mwaka mmoja na mechi mbili, wakamuuza Indianapolis. Todd Gurley wa Rams, zamu ya 10 mwaka 2015, mchezaji bora wa ushambuliaji mwaka 2017, wakampa mkataba mnono 2018, goti likakataa, Machi 2020 Rams wakamwachia aondoke. Na mkitaka kichekesho, New Orleans mwaka 1999 walitoa zamu zao zote za mwaka huo, pamoja na mbili za mwaka uliofuata, ili wampate Ricky Williams peke yake. Walishinda mechi 3. Kocha Mike Ditka akafukuzwa. Mtu mmoja, drafti nzima! Hata mahari ya kwetu ina majadiliano.

Lakini tazameni waliofanikiwa, mtaona kitu. Dallas ya 2016 haikuwa timu mbovu kweli. Ilipata zamu ya 4 kwa sababu mrushaji wao Tony Romo alivunjika mtulinga mwaka 2015 na msimu ukaharibika, ila mstari ulikuwa umesimama pale pale. Detroit mwaka 2023 walimchukua Jahmyr Gibbs zamu ya 12, watu wakawacheka sana. Detroit walikuwa wameshinda mechi 9 msimu uliotangulia; zamu ile ilitokana na zamu ya 6 ya Rams, waliyoipata walipomuuza mrushaji Matthew Stafford, wakashuka nayo hadi 12 kwa kubadilishana na Arizona. Na walikuwa tayari na Taylor Decker, Frank Ragnow na Penei Sewell, wote wa raundi ya kwanza, wote wa mstari wa mbele. Mwaka 2024 Gibbs alifunga tachidauni 20, yaani mabao ya huku, na Detroit wakashinda mechi 15. Hao ni watu wenye nyumba nzuri waliookota zamu ya maskini. Hao, mimi nawaambia, wachukue tu.

Atlanta wananipa shida kidogo. Bijan Robinson, zamu ya 8 mwaka 2023, nampenda kuliko hata Gibbs. Mwaka 2024 alikimbia yadi 1,456. Lakini mwaka mmoja kabla ya kumchukua walikuwa na kijana wa raundi ya 5, Tyler Allgeier, aliyekimbia 1,035. Tofauti ipo, haina ubishi. Ila mwaka 2023 walishinda 7 na mwaka 2024 wakashinda 8. Zamu ya 8 ingewapa nini kingine, kila mtu ana jibu lake, na la kwangu ni mtu wa kumkimbiza mrushaji wa wapinzani, maana hilo ndilo lililowaua.

Mama mmoja amenyoosha mkono tangu muda mrefu. Karibu, mama.

(Swali: mwanawe wa miaka 15 anacheza mkimbiaji shuleni na kocha anamsifu sana. Ambadilishe nafasi?)

Usimbadilishe, mama. Mtoto akipenda kitu mwache nacho. Ila muulize kocha kama anamfundisha kudaka. Christian McCaffrey alichukuliwa zamu ya 8 mwaka 2017, na mwaka 2019 alipata yadi zaidi ya 1,000 kwa kukimbia na zaidi ya 1,000 kwa kudaka. Mwaka 2022 San Francisco walitoa zamu nne ili wamtoe Carolina, kwa sababu anafanya kazi za watu wawili na si kila mara anagongwa katikati ya kundi. Na la pili, kocha akisema wanampa mpira mara thelathini kila Ijumaa usiku, mwambie apunguze. Magoti hayo ni ya mwanao. Shule haitayalipa.

Naona birika limeshaletwa. Wenye maswali tuyamalizie mezani, na yule wa Emmitt Smith akae karibu yangu.