Mwanahisa, siasa na Brexit: swali lipi lilikuwa na meno?

SAIDA: Karibuni tena kipindini. Leo tunakwenda London, Aprili na Mei 2016. Benki kubwa za Uingereza zinafanya mikutano mikuu ya mwaka, na kura ya maoni ya Juni 23, Uingereza ibaki Umoja wa Ulaya au itoke, yaani Brexit, iko mlangoni. Kila mwenye hisa anataka kujua benki yake iko upande gani. Kaka Eliudi, nianze na uchokozi: mwanahisa alikuwa na haki ya kuuliza hivyo?

ELIUDI: Haki anayo, ila swali lenyewe halina meno. Mwenyekiti atakwambia, "Uamuzi ni wa wananchi," atashukuru, atamwita anayefuata. Mwanahisa hapigi kura ya nchi kubaki au kutoka. Anapigia kura maazimio yaliyo kwenye ajenda: hesabu za mwaka, wakurugenzi, mkaguzi, sera ya mishahara ya wakubwa. Siasa ikiingia, inaingia kupitia mlango mdogo ambao wengi waliupita bila kuutazama.

SAIDA: Mlango wa michango ya siasa.

ELIUDI: Huohuo. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, Sehemu ya 14. Kampuni haitoi mchango wa kisiasa wala kufanya matumizi ya kisiasa bila wanahisa kupitisha azimio kwanza. Azimio lazima litaje kikomo cha fedha, na ruhusa haiwezi kuzidi miaka minne. Chini ya pauni 5,000 kwa miezi 12, mchango hauhitaji azimio. Sasa sikiliza: sheria haiishii kwenye vyama. Inataja pia taasisi zinazolenga kuwashawishi wapiga kura kwenye kura ya maoni.

SAIDA: Maana yake benki iliyosajiliwa Uingereza ikitaka kuichangia kampeni ya kubaki au ya kutoka, inawarudia wanahisa.

ELIUDI: Lazima. Na si kuchangia tu. Ikichapisha vipeperushi vyake yenyewe vya kuwashawishi watu kupiga kura namna fulani, hayo nayo ni matumizi ya kisiasa. Mwenyekiti akitoa maoni yake akijibu swali ukumbini, ni vigumu kusema ametumia fedha za kampuni. Akilipia tangazo la ukurasa mzima gazetini, hapo ameingia kwenye sheria.

SAIDA: Lakini benki nyingi hupitisha azimio hilo karibu kila mwaka, na maelezo yake yanafanana kama yamenakiliwa: hatuna nia ya kuchangia chama chochote, tunaomba ruhusa kwa tahadhari tu kwa sababu tafsiri ya sheria ni pana.

ELIUDI: Na wanahisa wanapitisha kwa kishindo, wengine hata hawajasoma. Mimi nasema azimio hilo ndilo pekee kwenye ajenda nzima lililokuwa na siasa ndani yake, na likachukuliwa kama la kukamilisha orodha. Hapo ndipo mwanahisa angesimama na kusema: "Ruhusa mnayoiomba leo, kikomo chake ni pauni ngapi, na mnathibitisha kwamba hata senti moja haitatumika kwenye kura ya Juni?" Jibu la swali hilo linaingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

SAIDA: Na wakurugenzi wakikiuka?

ELIUDI: Wanawajibika wao wenyewe, kwa pamoja na mmoja mmoja, kurudisha fedha hizo na riba juu, pamoja na kufidia hasara. Na kipengele ninachokipenda mno: wanahisa wasiopungua 50 wanaweza kufungua shauri la kuzidai fedha hizo kwa jina la kampuni. Hawahitaji kuwa matajiri. Au wenye asilimia 5 ya mtaji wa hisa.

SAIDA: Tusogee kwenye kupeleka hoja. Tuseme mwanahisa haridhiki na kuuliza tu, anataka azimio lake mwenyewe lipigiwe kura.

ELIUDI: Kwa kampuni ya umma zipo njia mbili. Awe na wenzake wenye asilimia 5 ya kura, jambo ambalo kwa benki kubwa ni mabilioni, au wapatikane wanahisa 100 ambao kwa wastani kila mmoja ana pauni 100 za mtaji uliolipwa. Angalia hapo: ni thamani iliyoandikwa kwenye hisa yenyewe, si bei ya sokoni. Hisa ya benki ya HSBC thamani yake ya kuandikwa ni senti 50 za dola, kwa hiyo zinahitajika hisa nyingi kuliko unavyodhani ukitazama bei. Maombi yafike angalau wiki sita kabla ya mkutano, na taarifa ya kuyaeleza isizidi maneno 1,000.

SAIDA: Watu wengi hukwama hapo kwa sababu ya majina.

ELIUDI: Wengi mno. Mwekezaji mdogo wa Uingereza siku hizi hununua kupitia dalali wa mtandaoni. Kwenye daftari la wanahisa linaandikwa jina la kampuni ya dalali inayomshikia hisa. Kwa sheria, mwanachama ni hiyo kampuni. Ukifika mlangoni na taarifa yako ya akaunti, wanakuambia hawakuoni kwenye daftari. Inabidi umwambie dalali mapema akuteue kuwa mwakilishi wake. Fomu za uwakilishi kwa kawaida hufungwa saa 48 kabla ya mkutano, bila kuhesabu siku zisizo za kazi, na dalali naye huweka tarehe yake ya mapema zaidi. Anayekumbuka wiki ileile ameshachelewa.

SAIDA: Nairobi na Dar kidogo ni afadhali. Akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa kielektroniki, kwa kawaida huwa kwa jina lako.

ELIUDI: Kwa hilo tumewazidi. Haya, umeingia ukumbini. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni ina wajibu wa kujibu swali linalohusu shughuli ya mkutano, lakini sheria imewapa pa kuchomokea: kama jibu lingetoa siri, kama tayari liko kwenye tovuti kwa mtindo wa maswali na majibu, au kama kulijibu hakuna faida kwa kampuni au kunavuruga mkutano. "Mnaunga mkono nani?" linachomolewa mara moja. "Ni sehemu gani ya mapato ya mwaka jana ilitegemea pasipoti ya Ulaya?" halichomoki kirahisi, kwa sababu linahusu hesabu mlizotuletea tuzipitishe.

SAIDA: Tuieleze hiyo pasipoti, maana ndiyo moyo wa jambo lote.

ELIUDI: Ndani ya Eneo la Uchumi la Ulaya, benki yenye leseni ya nchi moja inaruhusiwa kuhudumia nyingine zote bila kuomba leseni mpya. Inaweza kufungua tawi au kuuza kutoka makao makuu. Agosti 2016 msimamizi wa masoko ya fedha wa Uingereza, FCA, alitoa takwimu kwa bunge: kampuni 5,476 za Uingereza zilikuwa na angalau pasipoti moja ya kwenda nje, na 8,008 za Ulaya zilikuwa na za kuingia Uingereza. Pasipoti za kwenda nje peke yake zilipita 336,000, kwa sababu kampuni moja inakuwa na nyingi, kwa kila nchi na kila aina ya huduma.

SAIDA: Nchi ikitoka, zote zinakufa siku moja.

ELIUDI: Kwa saa moja maalumu. Uingereza ilitoka Januari 31, 2020, kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31 mwaka huohuo, na pasipoti zikaishia hapo. Sasa mwanahisa anayejua hili anauliza: tuna kampuni tanzu yenye leseni kamili ndani ya Umoja, au tuna matawi tu? Hapo ndipo benki zilipotofautiana. HSBC ilikuwa imenunua benki ya Ufaransa, CCF, tangu mwaka 2000. Leseni ilikuwa mkononi, ikabaki kuhamisha shughuli na watu kwenda Paris. Barclays ilikuwa na kampuni ndogo Dublin ikalazimika kuikuza. RBS ilikwenda Amsterdam, Lloyds ikafungua Berlin.

SAIDA: Ya Barclays tuitazame kwa karibu, maana ilipita mahakamani.

ELIUDI: Huwezi kuchukua maelfu ya mikataba na kuipeleka kwa kampuni nyingine kwa kumwandikia kila mteja barua na kusubiri asaini. Wengine hawatajibu, wengine watatumia nafasi hiyo kudai masharti mapya. Sehemu ya Saba ya Sheria ya Huduma na Masoko ya Fedha ya mwaka 2000 inaruhusu Mahakama Kuu kuuhamisha mkoba mzima kwa amri moja. Benki inawasilisha mpango, inatangaza na kuwajulisha wateja, anayeona ataumia anakuja kusikilizwa, wasimamizi wanatoa maoni yao, jaji anaamua. Mwishoni mwa Januari 2019 mahakama ikaidhinisha Barclays kuhamisha mali za takriban euro bilioni 190 na wateja wapatao 5,000 kwenda Dublin. Ile kampuni tanzu ikawa benki kubwa kuliko zote Ireland kwa ukubwa wa mizania.

SAIDA: Sasa mwanahisa anasikia bilioni 190 anashangilia, kumbe gawio lake liko hatarini.

ELIUDI: Umenena. Tawi halihitaji mtaji wake peke yake, linaegemea wa makao makuu. Kampuni tanzu inataka mtaji wake, ukwasi wake, bodi yake, mkuu wa udhibiti wa hatari wake. Pauni iliyowekwa Dublin haihesabiki tena London siku ya shida, na msimamizi wa Ireland hatairuhusu iondoke kirahisi. Benki Kuu ya Ulaya nayo ilisema wazi haitaki maganda matupu: leseni iko Frankfurt, hatari yote imerudishwa London kwa mikataba ya ndani ya benki yenyewe. Kwa hiyo faida ileile inabebwa na mtaji mkubwa zaidi, na mapato kwa kila shilingi ya mtaji yanapungua.

SAIDA: Lakini siku ya pigo lenyewe, Juni 24, 2016, soko halikusubiri mambo ya leseni.

ELIUDI: Waliotaka kutoka walipata asilimia 51.9. Siku hiyo Lloyds ilifunga imeshuka takriban asilimia 21, Barclays na RBS karibu 18 kila moja. HSBC ilishuka kidogo tu. Wengi walisema soko linaogopa pasipoti. Mimi sikubaliani. Lloyds ndiyo iliyoumia zaidi, na ndiyo iliyokuwa na biashara ndogo mno Ulaya. Ilikuwa ni benki ya mikopo ya nyumba ya Waingereza. Soko lilikuwa linapiga hesabu ya mdororo na riba kushuka, na kweli Agosti 4 Benki Kuu ya Uingereza ikashusha riba hadi asilimia 0.25. HSBC ilikuwa inavuna Asia na kutangaza gawio kwa dola, kwa hiyo pauni ilipoanguka mwanahisa wa Uingereza akapata pauni nyingi zaidi kwa dola ileile.

SAIDA: Ya wateja wa kawaida tuipite haraka: mwaka 2020 Lloyds iliwaambia wateja wapatao 13,000 walioishi nchi kadhaa za Umoja kwamba akaunti zao zitafungwa. Bila pasipoti kila nchi ina sheria yake, na kwa mwenye pensheni mmoja huko Uholanzi benki haioni faida ya kuomba leseni.

ELIUDI: Kuna watu waliouliza pia kwa nini wanahisa wasingeamua benki ihame kabisa. HSBC ilifikiria hilo. Aprili 24, 2015, siku ya mkutano wake mkuu, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa Uingereza, ikatangaza inapitia upya makao makuu yake, na ikataja mashaka kuhusu uanachama wa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Februari 2016 bodi ikaamua kubaki London. Uamuzi wa kubaki haukuhitaji kura ya wanahisa. Wa kuhama ungehitaji, na kizingiti chake kiko juu.

SAIDA: Unilever walikiona.

ELIUDI: Si benki, ni kampuni ya bidhaa za nyumbani, lakini mfano wake ni huo. Ilikuwa na kampuni mama mbili, ya Uingereza na ya Uholanzi, na mwaka 2018 ikataka kuwa na makao makuu Rotterdam, Uholanzi, peke yake, na upande wa kampuni ya Uingereza ulihitaji asilimia 75 ya kura. Wawekezaji wakubwa wakapinga, kwa sababu hisa ingetoka kwenye FTSE 100, faharasa ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London, na mifuko inayofuata faharasa hiyo ingelazimika kuuza. Oktoba bodi ikaondoa hoja kabla haijapigiwa kura. Hapo hakuna aliyepiga domo la uzalendo. Walizungumza lugha ya mifuko yao ya uwekezaji, bodi ikasikia.

SAIDA: Tumalizie nyumbani. Msikilizaji ana hisa za KCB au Equity, anasikia minong'ono kwamba nchi fulani inaweza kujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania iliwahi kujitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo kutoka si jambo geni. Aulize nini mkutanoni?

ELIUDI: Aache ya pasipoti, kwa sababu kwetu haipo. Benki hizi zina kampuni tanzu Uganda, Tanzania, Rwanda, Kongo, kila moja na leseni ya benki kuu ya huko na mtaji wake. Nchi ikitoka kesho, leseni haifi. Kinachotikisika ni mteja: mwenye kiwanda aliyekopa kwa hesabu kwamba bidhaa yake inavuka mpaka bila ushuru. Ushuru ukirudi, mauzo yanapungua, mkopo unaanza kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mikopo ya kampuni tanzu ile, kiasi gani iko kwa wafanyabiashara wanaotegemea soko la ng'ambo ya mpaka? La pili ni gawio. Mwaka jana kampuni tanzu hiyo ilituma nyumbani kiasi gani, na kibali cha kuzitoa fedha hizo kinatoka kwa nani?

SAIDA: Na yote mawili ayafungamanishe na hesabu za mwaka zilizo kwenye ajenda.

ELIUDI: Ataje na ukurasa wa maelezo ya mikopo kwa sekta. Mwenyekiti akisema "tutakujibu baadaye," aombe iandikwe nani atajibu na lini, kisha aketi.