Eda Iliyokwisha Kabla ya Barua

ATHMAN: Asalaam alaykum, wapenzi wasikilizaji. Tuko Malindi, na mkisikia ngurumo nyuma ni tuktuk za barabarani, tumeshindwa nazo. Leo dada Mwanaisha amekuja na kisa cha nyumbani kwao.

MWANAISHA: Waalaykum salaam. Ni kisa cha bibi yangu, lakini si cha babu yangu, hilo niliseme mapema. Ni cha mume wake wa kwanza, aliyekufa vitani mwaka 1944.

ATHMAN: Aliitwa nani?

MWANAISHA: Sitamtaja. Bibi mwenyewe hakumtaja. Wanawake wa zamani, mume hukumwita kwa jina lake. Yeye akisema "yule wa melini", basi, nyumba nzima tunajua.

ATHMAN: Haya, yule wa melini alikuwa mtu wa wapi?

MWANAISHA: Mambrui, hapa jirani. Kwao wavuvi, naye alianza na nyavu. Chuo cha Kurani alihitimu, na shule aliionja kidogo, kiasi cha kusoma gazeti. Kisha vita vikaingia. Wajua kwamba Malindi hii ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano mwaka 1940?

ATHMAN: Waitaliano hawa watalii tunaowauzia kamba wa baharini?

MWANAISHA: (anacheka) Hao hao, babu zao. Sasa yeye akenda zake Mombasa, ukuli bandarini Kilindini, na huko ndiko alikojiandikisha. Kwa kuwa ajua kusoma na kuhesabu wakamtia kwenye mizinga, Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Mzinga hautaki misuli tu, wataka hesabu.

ATHMAN: Lakini alitaka vita, au alitaka mshahara?

MWANAISHA: Alitaka mahari. Bibi alikuwa akisema hivyo bila kuona haya: "Alikwenda kunitafutia mimi mahari." Akapewa likizo Mfungo Mosi, ilikuwa Oktoba 1943, wakaoana. Akakaa nyumbani siku tisa.

ATHMAN: Tisa tu?

MWANAISHA: Tisa. Bibi aliweza kukuhesabia moja moja: siku ya nne mvua ilinyesha, siku ya sita alikula samaki wa kupaka akasema chumvi imezidi. Miaka sitini baadaye bado anateta juu ya ile chumvi, kwamba haikuzidi.

ATHMAN: Subhanallah. Halafu akapelekwa wapi?

MWANAISHA: Safari ilikuwa Colombo, kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, na mbele ya hapo Burma kupigana na Mjapani. Mwanzo wa Februari 1944 msafara ukatoka Kilindini: meli tano za kubeba watu, na manowari za Waingereza za kulinda. Yake iliitwa Khedive Ismail, meli ya Kimisri iliyochukuliwa kwa vita. Nawe wajua Februari huku kwetu ni nini.

ATHMAN: Kaskazi. Wakati wa majahazi kuja.

MWANAISHA: Ewaa. Majahazi ya Waarabu yanaingia na tende na chumvi, yeye anatoka. Tarehe 12, Jumamosi, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaitia topido mbili. Watu wengine walikuwa sebuleni wanasikiliza muziki. Dakika mbili hazikutimia, meli haipo.

ATHMAN: Meli nzima ile?

MWANAISHA: Nzima. Waliokuwemo ni 1,511, wakafa 1,297. Wanawake peke yao 77, wengi wao wauguzi. Na askari wa ile Rejimenti ya 301 waliopanda walikuwa karibu elfu moja. Sasa lipo jambo moja, Athman, bibi hatukumwambia mpaka anakufa. Nyambizi ilizama ikajificha chini ya watu wanaoelea. Manowari za Kiingereza zikatupa mabomu ya chini ya maji pale pale, na watu wao bado wanaogelea.

ATHMAN: La! Watu wao wenyewe?

MWANAISHA: Walikuwa na meli nyingine za msafara za kuzilinda, zimejaa watu. Nyambizi hatimaye ilizamishwa na manowari iitwayo Petard. Hukumu yake mimi siwezi kuitoa, nimekaa hapa kwenye kiti na kahawa.

ATHMAN: Na huku Mambrui, habari ilifika lini?

MWANAISHA: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Barua ilifika mwezi wa saba. Askari wa mudir, mtawala wa pale, kaileta, baba yake bibi kaisoma uani. Imeandikwa: amekufa baharini, tarehe 12 Februari. Basi kilio, majirani wakajaa, na bibi akavuliwa dhahabu ili akae eda, ule muda wa mjane kukaa ndani bila mapambo.

ATHMAN: Miezi minne na siku kumi.

MWANAISHA: Kwa mwezi wa kuandama. Ila baba yake alikuwa mtu wa vitabu, akashuka Malindi kumuuliza kadhi: eda inaanza lini, siku ya barua au siku ya kufa? Kadhi akamwambia, siku ya kufa. Wakahesabu. Alikufa mwezi wa Safar, Mfungo Tano. Ongeza miezi minne, ongeza siku kumi, inakuja Juni, kama tarehe 20.

ATHMAN: Ngoja. Kwa hiyo barua ilipofika...

MWANAISHA: Eda imekwisha. Bibi yangu alikaa eda na akaimaliza asijue kama ni mjane. Sasa katika miezi hiyo kulikuwa na harusi ya binamu yake. Alipakwa hina mpaka viwiko, akavaa asmini kichwani, akaimba vugo usiku kucha. Mumewe yuko chini ya bahari.

ATHMAN: Lakini asiyejua hana dhambi.

MWANAISHA: Kadhi alisema hivyo hivyo. Akasema pia kwamba aliyekufa maji ni shahidi, amtie moyo. Bibi akasikia, akaingia ndani, akakaa miezi minne na siku kumi vile vile. Hakuna aliyemlazimisha. Babaake akasema mwacheni.

ATHMAN: Kisha akaolewa na babu yako.

MWANAISHA: Baada ya miaka mitatu. Na kila mwezi wa Safar babu akinunua halua na kahawa, watu wanaitwa, inasomwa hitima ya mume mwenziwe. Mimi mdogo nilidhani kila nyumba ina mtu wake wa melini. Hakuacha mtoto yule. Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, upo ukumbusho wa waliozama na meli ile. Nyumbani kwetu ulikuwa ni sinia la halua.

ATHMAN: Na hina?

MWANAISHA: Hakupaka tena. Hata alipoolewa na babu, mikono mitupu, watu wakasema sana. Sasa harusi yangu mimi, bibi alikuwa amekwisha kuwa mzee, haoni vizuri. Mpiga hina ameshakoroga, nimenyosha mkono, bibi akasema, "Ngoja." Akaniuliza, "Mumeo yuko wapi saa hii?" Nikamwambia yuko kwao, Shela. Akasema, "Mpigie simu." Nikapiga, nikamtilia simu sikioni. Akamsikiliza anavyosema shikamoo bibi, shikamoo bibi. Akanirudishia simu, akamwambia mpiga hina, "Haya, mpake."