Mlima na ufuo ni kijiji kimoja: mhadhara juu ya mafuriko ya Kivu Kusini

Umetolewa Bukavu, wakati wa kiangazi, mbele ya wanafunzi wa kilimo na wajumbe wa vyama vya wakulima

Mama zangu, baba zangu, ndugu wakulima mliotoka Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, na ninyi wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya mvua kubwa na mafuriko vijijini katika jimbo letu la Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Nitakaa zaidi Kalehe, teritwari (wilaya) iliyo ufuoni mwa Ziwa Kivu, maana kule jambo hili unaliona lote kwa jicho moja, kutoka kileleni mpaka ziwani, na pia kwa sababu humu ukumbini wamo watu waliozika kule. Kwenu ninyi naanza na pole.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi, kijiji cha Kalehe kilicho ufuoni. Watu wa milimani walikuwa wameteremka na maharage na mihogo yao, wengine wamekuja kwa mitumbwi. Mvua ikapiga juu, mito ikajaa, na maji yakashuka na matope, magogo na mawe makubwa, yakapita Nyamukubi na kijiji jirani cha Bushushu. Baada ya siku chache wakuu wa jimbo walikuwa wamehesabu zaidi ya watu 400 waliokufa, na maelfu hawajulikani walipo. Tarehe 8 Mei taifa zima lilikuwa katika maombolezo. Vijana wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakifukua matope kwa mikono na sepetu. Watu walizikwa katika makaburi ya pamoja, wamefungwa katika blanketi. Miili mingine ilitolewa ziwani.

Mara nyingi naulizwa mbona hesabu ya waliopotea haikufungwa mpaka leo. Fikirini soko. Mama ametoka kwake asubuhi na ndizi zake kichwani, amekuja kuuza, jioni arudi. Hakuna aliyemwandika mahali popote. Aliyekaa naye kwenye meza ya soko anamjua kwa sura, pengine kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kama na huyo jirani amechukuliwa na maji, nani atamtaja?

Sasa tutazame kalenda. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka huohuo, ng'ambo ya ziwa, Rwanda ilipoteza watu zaidi ya 130. Nyuma kidogo, katikati ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mbele kidogo, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, kijiji cha Kasaba, teritwari ya Fizi, kwenye ufuo wa Tanganyika, kilipigwa wakati watu wamelala, na viongozi wa pale walitangaza vifo zaidi ya 100. Aprili, Mei, Mei. Kwetu mvua inaanza Septemba. Ikifika Aprili, udongo umekunywa miezi saba na umeshiba. Mvua ileile ambayo mwezi wa Oktoba ingezama ardhini, mwezi wa Mei haina mahali pa kuingia. Inateremka yote.

Na hiyo "yote" ni kiasi gani? Hesabu yake hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000, yaani bidoni (madumu) 25,000 za lita 20. Hiyo ni hekta moja. Mto mdogo wa Kalehe unakusanya maji ya mamia ya hekta, mwingine maelfu. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inayolitazama inapita mita 2,000 kwa umbali wa kilomita chache tu. Maji hayo hayana safari ndefu ya kuyapunguza nguvu. Yakikuta njiani daraja dogo lililozibwa na magogo, yanajikusanya nyuma yake, kisha yanapasua, na kinachofika chini ni wimbi zito la matope lenye uwezo wa kubeba jiwe kubwa kuliko nyumba. Mkipita Bushushu mtayaona mawe hayo, yamekaa mahali palipokuwa na nyumba za watu.

Ninyi wanafunzi, tazameni mahali vijiji hivi vilipojengwa. Pale mto unapotoka mlimani na kukutana na ziwa kuna uwanda tambarare uliotanuka kuelekea majini. Uwanda huo umejengwa na mto wenyewe, kwa matope na mawe ya mafuriko ya zamani, moja juu ya lingine. Udongo wake mzuri kuliko wote unatoka huko. Barabara ya taifa namba 2, inayotoka hapa Bukavu kwenda Goma, inapita hapo kwa sababu ndipo penye usawa. Mitumbwi inafunga hapo. Soko, shule, kanisa, zahanati, vyote vinafuata barabara. Kwa hiyo nikisikia mtu wa mjini anasema watu wa Nyamukubi ni wajinga, wamejenga mdomoni mwa mto, naumia. Wamejenga palipo na chakula, njia na wateja. Na wengi wao walifika hapo wakikimbia bunduki za milima ya juu. Usalama wa mtu katika nchi yetu umekuwa wa kuchagua hofu iliyo mbali kidogo.

Na mlima, nani aliuvua nguo? Jibu rahisi ni kumnyooshea kidole mkulima anayelima kwenye mteremko. Ni kweli analima huko, na mihogo ukiing'oa unauacha udongo umefunguka. Lakini muulizeni kwa nini yuko huko. Ardhi ya mteremko mpole, sehemu kubwa, ilichukuliwa na mashamba makubwa ya enzi ya Wabelgiji: kahawa, chai, kwinini. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yaligawiwa wakubwa wa Zaire, na leo mengi yamekuwa malisho ya ng'ombe wa watu wanaoishi mjini. Mwaka uleule, sheria ya tarehe 20 Julai ilisema ardhi yote ni mali ya Dola. Mkulima amebaki na kipande kidogo cha desturi, bila karatasi, mahali ambapo hata mbuzi anasimama kwa shida. Akiambiwa ahame kwa usalama wake, hana hati ya kudai fidia. Atahama kwenda wapi?

Tena kuna makala, yaani mkaa. Bukavu inapika kwa makala. Goma inapika kwa makala. Gunia lililopo jikoni kwako leo lilikuwa mti juu ya kijiji cha mtu. Nalisema hili bila kumlaumu mama anayechemsha sombe, majani ya mihogo, saa tatu nzima na umeme umekatika tangu juzi. Nataka tu tukubali kwamba na sisi wa mjini tumo ndani ya mto huo.

Nilipotembea Nyamukubi baada ya maafa, mama mmoja alinionyesha shamba lake. Mimi sikuona shamba. Niliona mawe na mchanga wa kijivu uliokauka na kupasuka. Yeye aliliona. Alihesabu hatua kutoka kwenye kisiki cha mparachichi, akageuka kushoto, akasema, "Hapa ndipo mpaka wangu na shemeji." Kati ya mawe mawili alikuwa amepanda marando ya viazi vitamu, mistari miwili mifupi, na kuyafunika kwa udongo mweusi aliokuwa ameubeba kwa beseni kutoka mahali pengine. Shemeji alikufa na maji. Watoto wa shemeji wanasema mpaka haukuwa pale. Mume wake naye hayupo, na kwa desturi neno la mjane juu ya mpaka lina uzito mdogo.

Hilo ndilo nililokuja kusema juu ya madhara, kwa sababu ndilo ripoti zetu zinaloliruka. Msaada unapokuja unahesabu nyumba: manjanja (mabati) mangapi, hema ngapi, masufuria mangapi. Vinahitajika, sikatai. Lakini nyumba ya miti na udongo watu wanaisimamisha kwa wiki chache. Udongo wa juu wa shamba, ule mweusi, umetumia miaka mingi sana kujitengeneza, na ukishafika ziwani haurudi. Mbegu ya maharage ambayo familia iliichagua vizazi na vizazi kwa ajili ya kilima kile, imeondoka. Mbegu inayogawiwa na mashirika mara nyingi ni ya mahali pengine, na msimu wa kwanza unawaangusha. Bila mavuno hakuna ada ya shule. Kijana anaenda migodini. Msichana anaozwa mapema kuliko mama yake alivyotaka. Mwenye nguvu anapanda juu zaidi mlimani kufyeka shamba jipya, na hapo mvua ijayo imeshaandaliwa njia. Kisha magonjwa: chemchemi zimejaa matope, watu wanachota ziwani, na kipindupindu tunakijua.

Tunaweza kufanya nini? Nitataja machache ambayo nimeona yanawezekana hata katika hali hii yetu ya vita na njia zilizofungwa.

La kwanza kwangu ni kupima mvua. Wiki chache baada ya maafa ya Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia janga fulani, walitazama mvua za eneo letu. Walishindwa kutoa jibu. Sababu ni kwamba vipimo vilivyopo ni vichache mno. Watu zaidi ya 400 wamekufa kwa mvua, na dunia nzima haiwezi kusema kwa uhakika ilinyesha mvua kiasi gani mlimani siku hiyo! Jambo hili linaninyima usingizi, kwa sababu kipimo cha mvua si mashine. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya mwanafunzi. Mwalimu anasoma kila asubuhi saa moja, anaandika daftarini. Baada ya misimu kadhaa kila bonde litajua kiasi chake cha hatari, maana kiasi kinachotisha Bushushu si lazima kiwe kilekile cha Kasaba.

La pili linafuata hapo. Aliye juu anaiona mvua kabla ya aliye chini. Saa moja, pengine nusu saa. Hiyo nusu saa ingetosha kuwaondoa watu sokoni. Lakini mtu wa mlimani ana shefu wake, yaani chifu, na kikao chake, mtu wa ufuoni ana wake, na simu ya mmoja haimo katika simu ya mwingine. Naomba kila mto uwe na kamati moja, kutoka chanzo mpaka ziwani, yenye watu wa juu na wa chini, wanawake wakiwemo kwa idadi ya kweli, kwa maana soko ni lao. Filimbi, kengele ya kanisa, ngoma, redio ya kijiji, chochote kinachosikika wakati mtandao umezimika. Na wakubaliane kabla, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, watu wakimbilie upande gani.

La tatu, soko lihamishwe. Sisemi kijiji kizima. Kuhamisha kijiji kunataka ardhi, fedha na Dola iliyosimama, na wengi waliohamishwa wamesharudi palepale. Lakini soko la wiki moja, ambalo kwa sehemu kubwa ni meza na vitambaa vya plastiki, linaweza kusogea mita mia chache kutoka mkondoni. Mwami, mtawala wa jadi, na mashefu wana uwezo huo leo bila kumsubiri waziri.

Kuhusu mitaro ya mlimani na mabingobingo ya kushika udongo, wakulima mnaijua kazi hiyo kuliko mimi. Wazee wanakumbuka pia kwamba Wabelgiji waliwachimbisha mitaro kwa nguvu, na ndiyo sababu mingi iliachwa baada ya uhuru. Siwezi kuwaambia watu wa juu wachimbe bure ili kuwalinda wa chini. Anayefaidika achangie: wafanyabiashara wa soko, wenye mitumbwi, wenye malori ya barabara hiyo, na sisi wanunuzi wa makala. Salongo, kazi ya pamoja isiyolipwa, peke yake haitoshi kwa mtu anayelala njaa.

Baada ya maswali, waliotoka kwenye vijiji vya mtoni wabaki hapa mbele. Tuna makopo na rula, na daftari zimechorwa tayari safu za tarehe na milimita. Nawaomba mje wawili wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini wa mto uleule, mwandikiane namba za simu hapahapa kabla hamjaondoka. Septemba iko karibu.