Mshale Uliokimbilia Radi: Ndege Kuukuu katika Anga la Setilaiti

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ndege kuukuu, nadhani kwa sababu aliyeniomba alinitazama akaona tunafanana.

Nianze na alasiri moja ya Machi. Nilikuwa narudi Dodoma kutoka kaskazini, na ndege ya injini mbili iliyoundwa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mawingu yalikuwa yamepanda juu kama maghorofa. Mbele yangu nilikuwa na ADF, chombo ambacho mshale wake huelekea uliko mnara wa NDB, yaani mnara wa redio wa ardhini wa kuongozea ndege. Mshale ukatulia vizuri, kisha ukaanza kuhama taratibu kwenda kulia, ukaganda kwenye wingu jeusi kuliko yote. Mnara haukuwa huko. Radi nayo inarusha mawimbi ya redio, tena katika masafa ya chini ambayo NDB inayatumia, na ADF humsikiliza mwenye sauti kubwa. Ningeufuata mshale ule ungeniingiza katikati ya dhoruba huku ukiniaminisha kwamba naenda nyumbani. Hakuna taa iliyowaka wala kengele iliyolia. Chombo kilikuwa kimepotea na hakikujua kwamba kimepotea. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

VOR, mnara mwingine wa redio unaomwonyesha rubani yuko upande gani wa mnara huo, ni afadhali kuliko NDB, haidanganywi na radi kiasi hicho. Lakini kosa lake hukua kadiri unavyokwenda mbali. Ukikosea digrii 1 ukiwa maili 60 za baharini kutoka kwenye mnara, umetoka njiani maili 1; digrii 5, maili 5. Ndiyo maana njia za zamani zilikuwa pana na zilipita mnara hadi mnara, kama basi la Dar linalopita Morogoro na Gairo hata kama abiria wote wanashuka Dodoma.

Setilaiti zimeondoa ulazima huo. Zile za GPS ziko juu yetu kilomita 20,200 hivi, na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyafifisha makusudi mawimbi yanayopokewa na raia, mchora njia anaweza kuweka nukta popote apendapo na kuipa jina la herufi tano. Ukichungulia chini ya nukta hiyo huenda ukaona shamba la zabibu na mbuzi wawili.

Sasa mwongoza ndege anakwambia nenda moja kwa moja hadi kwenye nukta hiyo, nawe una VOR na ADF tu. Kwako hilo ni neno tupu. Sema huwezi. Omba njia ya zamani, au omba uelekezwe kwa rada. Hapa katikati ya nchi, rada nayo ina kikomo. Tunazo za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, ila mawimbi ya rada huenda karibu sawa na mstari, nayo dunia ni mviringo. Antena iliyo usawa wa bahari humwona aliye futi 10,000 hadi maili 120 hivi. Kutoka Dar hadi hapa ni kama maili 210. Ukiwa chini namna hiyo juu ya Dodoma, rada ya Dar haikuoni. Mwongoza ndege anakutenganisha na wenzako kwa saa, kwa kimo na kwa maneno yako mwenyewe.

Kuna na suala la kona. Njia za setilaiti nyingi hudai uanze kugeuka kabla ya kuifikia nukta. Rubani wa kizamani amezoea kusubiri apite juu ya mnara ndipo ageuke, kwa hiyo anapitiliza na kutoka nje ya njia. Na Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, tena kuna joto: kasi yako halisi inazidi ile inayosomeka, na duara la kugeukia linapanuka. Vilima vyetu mnavifahamu.

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye usahihi. RNAV 5, kiwango kimojawapo cha kuruka kwa nukta, inataka uwe ndani ya maili 5 kwa asilimia 95 ya muda wa safari. Hata VOR na DME, kifaa cha redio kinachopima umbali hadi mnarani, zikiunganishwa na kompyuta inayofaa zinaweza kuitimiza. RNP, kiwango kingine cha aina hiyo, inaongeza sharti moja: chombo kijikague chenyewe na kikuonye kikishindwa. Mpokezi wa GPS anahitaji setilaiti nne ili ajue alipo. Ili agundue kwamba mojawapo inamdanganya anahitaji ya tano, na ili aitambue na kuitupa, ya sita. Mshale wangu wa Machi haukuwa na uwezo huo.

Ndiyo maana naogopa kishikwambi kilichobandikwa kwenye kioo kuliko ninavyoogopa ndege ya mwaka 1970. Kandege kanatembea kwenye ramani, rubani anajaza herufi G kwenye mpango wa safari kana kwamba amefungiwa GPS iliyoidhinishwa, na mwongoza ndege anamwamini, anampa utaratibu wa kutua ambao mwishoni unavumilia kosa la maili 0.3 tu. Huo ni uongo ulioandikwa kwa fomu. Kishikwambi ni jirani mwema: muulize habari, usimpe funguo za nyumba.

Wenye setilaiti nao wasicheke. Aprili 2024 shirika la Finnair lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari zake za Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa, na taratibu za kutua pale zilitegemea GPS. Zilirejea baada ya kuwekwa utaratibu usioihitaji. Ndege zilikuwa za kisasa, marubani hodari. Kilichokosekana ni kitu cha kizamani ardhini. Kwa hiyo mtu akiniambia VOR zote zing'olewe, namuuliza kama amewahi kukosa mtandao siku ya kutuma pesa.

Yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kishikwambi. Haya mwanangu, sema.