Bei ya Kichwa ni Saa Zake

Shikamooni mama zangu. Na nyinyi wadogo zangu mnaomaliza mafunzo, hamjambo? Nimeombwa niseme nanyi kuhusu msusi wa peke yake, yule asiye na msaidizi, mwenye kiti chake, kioo chake na kitana chake. Nimesuka Tandika, Dar es Salaam, miaka kumi na tisa. Nitaanza na hesabu, maana hapo ndipo tunapoumia huku tunacheka na wateja.

Rasta ndogondogo: mteja anakupa 25,000, unasimama naye saa nane. Gawanya. Ni kama 3,100 kwa saa. Sasa anakuja mama wa genge, anataka mtindo wa twende kilioni, 3,000, dakika arobaini kanyanyuka. Kwa saa nzima hiyo ni 4,500. Mimi miaka mingi nilimkumbatia mwenye rasta, yule mama nikamwambia arudi kesho, kwa kuwa noti nyingi zinapendeza machoni. Kesho hakurudi. Alikwishasukwa kwa jirani.

Mikono yako ina saa kumi kwa siku, na hapo nimeihesabia mingi. Basi andika kwenye daftari mteja amekaa saa ngapi, amenyanyuka saa ngapi. Fanya hivyo mwezi mzima ndipo upange bei. Pakiti za rasta ukizinunua wewe, ziandike pembeni. Pesa ile ni ya duka, usiile. Na kuelekea Idi na Krismasi, viti vinapojaa, jaza kibubu, kwa sababu Januari wazazi wanalipa ada na wewe utakaa kibarazani unatazama njia.

Daftari hilohilo ndilo kinga yako kwenye kodi. TIN, ile namba ya mlipa kodi, inatolewa bure TRA, mamlaka ya mapato, asikudanganye mtu wa kati. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa analipa 100,000; mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Umeuza milioni 5 na daftari unalo? Ni 30,000. Nendeni wenyewe mkaulize dirishani, msisikilize ya vijiweni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma mpaka leo. Mteja anakaa anasema, "Dada, kaza, nataka zikae miezi miwili." Nikawa nakaza. Dada mmoja nilimsuka hivyo mfululizo, na nilikuwa naona nywele za mbele zinarudi nyuma, ngozi inang'aa, nikanyamaza kwa sababu alikuwa analipa vizuri. Mvuto wa kila siku unaumiza shina la unywele. Ukiendelea miaka, shina linakufa, na hapo hakuna mafuta yatakayoliamsha. Dalili mnazijua: vipele kwenye mstari wa mbele, kichwa kinauma akipandisha nyusi, analala kwa kujiegemeza. Mkiona hivyo, fumueni. Siku hiyohiyo.

Dawa ya kulainisha nayo inaunguza kweli. Kabla hujafungua kopo, muulize: umejikuna wiki hii? Umefumua lini? Kama ngozi ina mchubuko, mrudishe nyumbani apone kwanza. Utakosa pesa ya siku ile, najua, na siku nyingine ni pesa ya unga. Mrudishe tu. Kichwa chake amekuachia mikononi akafumba macho.

Leo mteja akiniambia nikaze, namwambia hapana, nami namweleza sababu. Wengine wananuna, wachache wamehama. Nimekubali.

Haya, mwanangu uliyekaa pale nyuma na kitana mkononi, njoo na mwenzako huyo. Akae hapa mbele. Niwaonyeshe mstari wa kwanza unavyoanzwa bila kuvuta, na nyinyi mama zangu sogeeni, kwa mbali hamtaona vidole.